Hotuba Isiyo na F

Ninawafundisha Wakorea Kiingereza. Nimezaliwa Tanga, ninaishi Doonside, kitongoji cha Sydney, na chuo kiko katikati ya jiji, ghorofa ya tano, juu ya duka la miwani. Nikiwaeleza hivyo watu wa nyumbani kwa simu, wananiuliza Waaustralia wenyewe wako wapi. Nawajibu kuwa wapo, wana kazi nyingine.

Muhula ninaotaka kuusimulia ulianza mwezi wa pili, joto likiwa bado kali. Darasa lilikuwa na watu kumi na wanne. Kumi na watatu walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, waliokuja kusoma mwaka mmoja na kuosha vyombo kwenye mikahawa. Wa kumi na nne alikuwa mwanamume wa miaka sitini na sita. Alikaa mstari wa mbele, mbele yake penseli tatu zilizochongwa zikalingana.

Nilijua umri wake kwa sababu aliniambia, baada ya kuniuliza wangu.

"Una miaka mingapi, ticha?"

"Arobaini na mitatu."

"Mimi sitini na sita," akasema, tukabaki tunatazamana. Kwao mwalimu huinamiwa. Kwao pia aliyekuzidi umri huinamiwa. Kwetu mtu wa umri ule ningempa shikamoo na mambo yakaisha. Hatukujua nani aanze. Mwishowe tuliinama wote kwa pamoja, nusura tugongane vichwa.

Utaratibu wa chuo ni kumwita kila mwanafunzi kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee. Vijana wakadhani ndilo jina lake la Kiingereza, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamejichagulia majina ya Kiingereza, na kufikia Jumatano darasa zima lilimwita Mzee. Aliponiuliza maana yake nilimweleza. Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaliandika kwenye daftari.

Alhamisi alikwenda ofisini kuomba abadilishiwe mwalimu.

Mkuu wa chuo ni mama wa Kiaustralia mwenye roho nzuri. Habari mbaya huzitoa pamoja na biskuti. Aliponiita, nikaiona sahani mezani, nikajua.

"Si kwamba amelalamika," alisema.

"Amesema nini?"

"Amesema wewe ni mwalimu mzuri sana."

Nikachukua biskuti ya kwanza.

"Ila angependa mwalimu ambaye ni mwenyeji."

"Mwenyeji kabisa? Tunaye mwalimu Mwaborijini?"

Alinitazama, akaitazama sahani. Akasema hapana, na hadhani kama hicho ndicho Mzee alichomaanisha.

Nilikubali ahamishwe. Ningependa kuandika hapa kwamba haikuniuma. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa, tisa kwenye sekondari za nyumbani na kumi Sydney, na vyeti vya kote kuwili ninavyo. Nilikula biskuti tatu, nikarudi darasani kufundisha wakati uliopita.

Mzee alipelekwa darasa la jirani, kwa kijana mchangamfu aliyekulia mashambani Queensland. Wanafunzi wanampenda sana na wanamwelewa kwa mbali. Kati ya madarasa yetu kulikuwa na ukuta mwembamba wa mbao. Nilisikia upande wa pili wakicheka, na nikajua kwamba Mzee hacheki, maana ili ucheke ni lazima kwanza ujue kimesemwa nini.

Alikaa kule siku nne. Siku ya tano, wakati wa chai, aliingia darasani kwangu na boksi la mapeasi makubwa, kila moja limevalishwa wavu wa sponji nyeupe kama soksi. Akaliweka mezani kwa mikono miwili. Kiingereza chake wakati ule hakikuzidi maneno mia mbili, kwa hiyo ninachoandika hapa ni maana ya alichosema, si maneno yenyewe.

"Yule naye ni mwalimu mzuri," alisema.

"Ni mzuri sana."

"Lakini maneno yake hayana mwisho."

"Na yangu?"

"Yako yana mwisho. Hata yale yasiyo na mwisho, wewe unayawekea."

Sijawahi kupewa tathmini ya kweli kuliko ile. Kikorea, kama Kiswahili, hakipendi neno la kigeni likatike ghafla. Sisi tukilichukua neno la Kiingereza tunalipa irabu mkiani ili likae vizuri mdomoni: basi, kadi, benki. Wao huyafanyia maneno yaleyale vivyo hivyo, ila mkia wao hutamkwa meno yakiwa yamekaribiana, kama mtu anayevumilia baridi. Kwa miaka kumi nilikuwa nimejitahidi kuukata mkia wangu, na niliamini kwamba umekatika. Mzee aliusikia siku ya kwanza. Kwanza ulimfanya anikimbie, sasa ukamrudisha.

Alikaa kwenye kiti cha mbele, akanieleza shida yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Binti huyo alikuwa anaolewa na kijana wa Kiaustralia baada ya wiki kumi. Kwenye harusi baba wa bibi harusi hutakiwa kusimama na kusema neno, na upande wa bwana harusi hakuna aliyejua Kikorea. Binti alikuwa amemwambia asihangaike, aongee Kikorea, yeye mwenyewe atasimama kando yake atafsiri.

"Sitaki," Mzee alisema. "Amenitafsiria tangu ana miaka saba. Benki, yeye. Daktari, yeye. Shuleni kwake mwenyewe, mwalimu akitaka kunieleza makosa yake, anayenitafsiria ni yeye. Siku ile awe bibi harusi tu."

Nikamuuliza yuko Sydney miaka mingapi. Ishirini na miwili. Alikuwa fundi wa kutandika marumaru kwenye sakafu za bafu na jikoni. Bosi wake alikuwa Mkorea, mafundi wenzake Wakorea, kanisa la Kikorea, duka la Kikorea, hata daktari wa meno. Kiingereza hakikuwa na mlango wa kuingilia. Sikumshangaa. Nina rafiki Mkongo anayeishi St Marys na kufanya kazi ghalani, na zamu yake nzima huzungumza Kiswahili. Baada ya miaka sita, Kiingereza anachokijua vizuri ni kile cha mabango ya usalama. Anaweza kukuonya usitembee nyuma ya gari linalorudi nyuma, lakini hawezi kukuuliza umeamkaje.

Tulianza Jumatatu. Kila siku baada ya masomo tulibaki nusu saa. Hotuba aliiandika kwa Kikorea, kijana mmoja wa darasani akaitafsiri, nami nikaisafisha. Ilikuwa nzuri na fupi. Tatizo lilikuwa herufi F.

Kikorea hakina F. Mkorea anayeanza Kiingereza akiitafuta F, hutoka na P. Na Kiingereza, ambacho sikuwa nimewahi kukitazama kwa jicho hilo, kimeweka F karibu kila mahali pa maana kwenye harusi. Neno lao la baba lina F. La familia lina F. La rafiki, la chakula, la milele, yote yana F. Mzee alijaribu wiki mbili nzima.

"Meno ya juu juu ya mdomo wa chini," nilimwambia. "Sasa puliza."

Alipuliza. Ikatoka P yenye upepo mwingi.

Wiki ya tatu tulikaa na kalamu nyekundu, tukaanza kuzitoa. Baba wa bibi harusi akawa "mimi na mama yake". Familia ikawa "watu wetu". Marafiki tukawaweka humohumo kwenye watu wetu. Milele ikawa "miaka yote". Chakula tulikifuta kabisa, kwa kuwa kingekuwepo mezani na kila mtu angekiona. Ilibaki F moja ambayo hatukuwa na ruhusa ya kuigusa. Jina la bwana harusi lilianza na F, na ndani yake lilikuwa na R na L pia, ambazo Mkorea huzichanganya. Wazazi wake walipokuwa wanamchagulia jina hawakutufikiria.

Mzee akaomba nimrekodie hotuba yote kwenye simu, ili aisikilize kazini. Niliifanya kazi hiyo Jumapili, mezani jikoni kwangu. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa meza na kazi zake za shule. Ana miaka kumi na minne. Mimi humsemesha kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo tunavyoishi. Nilisoma hadi mwisho, nikazima.

"Mama, hiyo si ni ya harusi?" aliuliza, kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

"Umesoma kama tangazo la msiba."

"Basi soma wewe."

"Mimi si mwalimu."

Nikairudia kwa uchangamfu zaidi. Kwa wiki sita zilizofuata Mzee aliisikiliza sauti yangu akiwa amepiga magoti kwenye mabafu ya nyumba mpya za Minto, visikizi masikioni, huku akipanga marumaru. Mafundi wenzake waliniletea salamu kupitia kwake. Baadhi yao walikuwa wameanza kuijua hotuba.

Harusi ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye bustani ya ukumbi ulio kando ya mto. Mimi na binti yangu tulialikwa. Tulikaa meza moja na shangazi yake bwana harusi, mwanamke mwenye kofia pana aliyenieleza historia ya mgongo wake tangu ulipoanza kumuuma. Nilikuwa naikariri hotuba kimoyomoyo. Sikuwahi kuwa na hofu kiasi kile kwenye mtihani wangu mwenyewe.

Mzee aliitwa. Alisimama amevaa suti ya kijivu, akaikunjua karatasi, kisha akaikunja tena na kuiweka mfukoni. Akaanza.

Binti yangu akaniinamia. "Mama, anaongea kama wewe."

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa na mwisho. Mahali ninapopandisha sauti alipandisha, mahali ninapovuta pumzi alivuta. Mkorea wa miaka sitini na sita alikuwa amesimama kando ya mto Australia, akihutubia kwa Kiingereza cha Tanga, na watu wote waliokuwepo walikuwa wanamwelewa. Alisema binti yake alizaliwa mdogo sana, wakamlaza kwenye boksi la marumaru lililotandikwa blanketi. Watu walicheka pale tulipotaka wacheke. Alimshukuru mke wake, aliyekuwa anautazama mdomo wake kama anayemtazama mtu akivuka barabara kubwa.

Kisha akafika kwenye jina.

Niliona meno ya juu yakishuka kwenye mdomo wa chini. Yakakaa pale. Nami, mezani kwangu, meno yangu yalikuwa juu ya mdomo wangu wa chini, napuliza. Kwake hakuna kilichotoka. Binti yake akaanza kunyanyuka kwenye kiti, bila shaka kwa mazoea, aje amsaidie. Mzee akamwinulia mkono akae.

Akamgeukia bwana harusi, kijana mrefu aliyeungua jua shingoni.

"Mwanangu," akamwambia.

Halafu akaendelea hadi mwisho. Neno lile halikuwa kwenye karatasi. Wiki kumi nilikuwa nahangaika na F, na neno alilolihitaji alikuwa nalo kwenye yale maneno mia mbili ya mwanzo. Bwana harusi aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake kwa muda mrefu. Makofi yalipoanza alikuwa bado anavitazama.

Shangazi alijipangusa macho kwa kitambaa cha meza. "Kiingereza chake kizuri mno," aliniambia. "Hiyo lafudhi ni ya Korea ya sehemu gani?"

"Kusini," nikasema. Sikusema kusini ya nini.

Baadaye bibi harusi alinitafuta. Alikuwa na Kiingereza cha Sydney, cha kasi, kisicho na mwisho wowote. Aliniambia kwamba wiki iliyopita baba yake alikuwa amepiga simu hospitali mwenyewe, akabadilisha miadi yake mwenyewe, na hakumwambia mtu. Yeye amejua kwa kuwa hospitali ilimtumia ujumbe kumjulisha.

"Nimefurahi," alisema. "Lakini nilikasirika kidogo. Unaelewa? Nilikaa ndani ya gari nikalia kama mjinga."

"Sori," nikamwambia.

"Hapana, si kosa lako."

Nilikuwa nimemaanisha pole, si samahani. Kwenye Kiingereza chetu neno moja hufanya kazi zote mbili. Sikumsahihisha. Nilimshika mkono, naye akaniacha niushike mpaka mpiga picha alipomwita.

Muhula uliofuata Mzee hakujiandikisha. Mkuu wa chuo aliniuliza, bila biskuti, kama kulitokea tatizo. Nikamwambia hapana, amemaliza alichokijia.

Nilimwona tena miezi kadhaa baadaye, kwenye stesheni ya Blacktown. Alikuwa na mke wake na gunia la vitunguu majani. Tuliinamiana. Akamwambia mke wake, kwa Kikorea, mimi ni nani, na huyo mama akanishika mikono yote miwili bila kusema lolote, kwa kuwa yeye bado hajaanza kujifunza. Mzee akaniambia vitunguu ni vya bustani yake, mvua imezidi, konokono wamekula nusu. Nikamuuliza anawafanyaje konokono. Anawaokota kwa mkono, asubuhi, mmoja mmoja, anawavusha upande wa pili wa barabara kwenye bustani ya majirani wanaoendesha baiskeli.

"Halafu?"

"Halafu wanarudi," alisema. "Wanachukua siku mbili."

Treni yao ilifika kwanza. Akanigawia vitunguu mafungu mawili, akapanda.