Alama Nyeupe Upande wa Saa Tatu

Nilijua kwa sauti kabla sijageuka. Bastola ikifyatuliwa ndani ya ukumbi wa shabaha hutoa mlio mkavu. Huu ulikuwa mzito, kama kitu kimepasuka ndani ya gunia. Nilipogeuka, rafiki yangu Mkongomani alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, anautazama mkono wake wa kulia. Magazini, kile kisanduku cha risasi, ilikuwa sakafuni na damu inaidondokea.

"Papa," aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "nimefanya nini?"

Hakuwa amefanya kitu. Ilinichukua siku nne kulijua hilo, na katika siku hizo nne nilimkosea.

Yeye ni fundi wa meno ya bandia huko Sundbyberg, huku kwa Waswidi, anaishi kwa vidole vyake. Tulifahamiana kanisani, akaniita papa, yaani baba, kama desturi ya kwao, na mimi ndiye niliyemwingiza kwenye klabu ya shabaha. Alipopata kibali cha bastola nikamkaribisha kwenye chumba changu cha chini ya jengo, ninakoishi Vällingby, ajaze risasi zake kwenye mtambo wangu. Kila ukivuta mkono wa mtambo ule, sahani inazunguka na ganda tupu linasogea kituo kimoja mbele, mpaka mwisho inatoka risasi kamili. Juu ya kila kituo kuna kalibu, kipande cha chuma kinachofungwa kwa nyuzi kama skrubu. Kalibu ya tatu ndiyo inayosukuma kichwa cha risasi ndani ya ganda. Ukiishusha kupita kiasi, kichwa kinazama, baruti inabanwa, na bastola inaweza kupasuka mkononi.

Jumamosi moja asubuhi nilizifungua kalibu zote nizisafishe. Ile ya tatu niliitia tone la rangi nyeupe, nijue pa kuirudisha. Rafiki yangu alikuwa anacheka jinsi ninavyopangusa.

"Papa, hata padri haungamishi taratibu hivi."

"Wewe ukiungama padri anahitaji siku mbili. Haya, funga hiyo. Ikikaribia kufika chini, alama isimame saa tatu, kama mshale wa saa."

"Saa tatu."

"Saa tatu kamili, kisha kaza nati."

Simu ikaita. Alikuwa binti yangu, nikatoka hadi kwenye korido nizungumze naye, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiswidi kama kawaida yetu. Niliporudi rafiki yangu alikuwa ameshajaza boksi zima. Risasi ya kwanza hupimwa urefu kabla ya kutengeneza ya pili. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na kipimo kilikuwa mezani mbele yangu. Sikukigusa. Nikamwambia tufungashe, tutachelewa ukumbini.

Baada ya ambulensi kuondoka nilirudi nyumbani, nikashuka moja kwa moja kwenye mtambo. Alama nyeupe ilikuwa upande wa kushoto. Kalibu ilikuwa imepita nusu mzunguko, karibu milimita moja. Nikakaa kwenye ndoo. Kisha, naona aibu kuandika hili, nikapata nafuu. Si mimi, nilijiambia. Ni yeye hakusikiliza. Msimamizi wa usalama wa klabu alipopiga simu nilimweleza hivyo hivyo. Klabu ikamsimamisha, na msimamizi akasema atawaandikia polisi kwamba mtu huyu hafai kuwa na silaha.

Siku ya nne nilikwenda kumwona kwake Skärholmen. Kidole cha shahada kilikuwa kimeshonwa. Daktari alikuwa amemwambia kitapona, ila ncha yake huenda isihisi tena. Mkewe alituwekea chai, akakaa nasi.

"Barua ya klabu imefika," rafiki yangu alisema. "Wana haki. Ila nilifunga vile ulivyosema, papa."

"Nilikuambia saa tatu," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa kali. "Kwa nini uliweka kushoto?"

Alinyanyua mkono wenye bandeji akaonyesha saa ya ukutani.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" mkewe akaniuliza.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mshale mfupi ulikuwa umelala kwenye tisa, upande wa kushoto.

Miaka thelathini nilifanya kazi katika karakana ya Waswidi, ambao wakisema saa tatu wanamaanisha tarakimu tatu, upande wa kulia. Nilikuwa nimetamka Kiswahili huku nikiwaza kwa Kiswidi. Yeye aliniamini kwa lugha tunayozungumza sote, akaiweka alama mahali mshale unapokaa saa tatu inapofika.

"Nitampigia msimamizi," nikasema. "Nitamweleza jinsi saa zetu zilivyo."

"Utamweleza saa," mkewe akasema. "Na kipimo je, baba? Nacho kilikuwa na lugha mbili?"

Rafiki yangu akamwambia anyamaze. Sikutaka anyamaze.

Nilipiga simu nikiwa pale pale mezani kwao, wakinisikia. Msimamizi aliuliza, je, kulitokea kutoelewana? Nikamwambia hapana. Nikamwambia mtambo ni wangu, maelekezo ni yangu, na kupima ilikuwa kazi yangu ambayo sikuifanya. Barua ya kwenda polisi, nikasema, initaje mimi, si yeye.