Sauti ya Msichana wa Thelujini

Nikisikia harufu ya ncha za rasta zinazochomwa kwa kiberiti, narudi saluni kwa mama, mtaa wa Berea, Johannesburg, nikiwa darasa la tatu. Juu ya kabati kulikuwa na televisheni, na majira yote ya baridi mwaka ule ilionyesha filamu moja tu, kwa sababu mashine ilikuwa imeimeza diski ikakataa kuitoa. Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani mno, haina rangi wala sauti. Siku ya kwanza mama aliipiga televisheni kofi. "Eish, spika imekufa," alisema. Mteja mmoja ndiye aliyetueleza kwamba filamu za enzi hizo hazikuwa na maneno.

Ilikuwa hadithi ya msichana anayefukuzwa na baba yake usiku wa theluji, kisa amempenda kijana maskini. Waigizaji walikodoa macho, wakajishika vifua, wakaanguka magotini. Maandishi ya Kiingereza yalipita haraka, basi wanawake wakajitungia maneno yao. Mama, mtu wa Bukavu, alimsemea msichana. Bi Zuhura wa Tanga, msusi mwenzake, alimsemea baba, kwa sauti nzito: "Toka! Umeniaibisha!" Wateja walilia machozi ya kweli, vichwa vimesukwa nusu, huku wakimtukana yule baba kana kwamba anawasikia. Nadhani kila mmoja wao alikuwa na mlango wake aliowahi kufungiwa.

Mimi nilichambua rasta kimya. Nilizaliwa hapa Johannesburg; Kiswahili nilikielewa chote, lakini nikifungua mdomo wateja walicheka. "Kazulu ketu kamesema!" walinitania, kwa kuwa nilitamka kama Mzulu. Nikaacha kabisa kukisema. Mama hakunigombeza, ila nilijua inamuuma.

Jumamosi moja mafua yalimkausha mama sauti. Msichana akapiga magoti thelujini. Hakukuwa na wa kumpa maneno. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba," nilisema, "nje baridi. Mimi naenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kwenye filamu baba alikuwa ameshafunga mlango, lakini Bi Zuhura alishusha kitana, akasema polepole, "Ingia, mwanangu. Ingia ndani." Mama aliacha kusuka, akanigeukia.

Siku hizi saluni ina televisheni pana, na filamu zinajisemea zenyewe. Picha ni safi, sikatai, lakini wateja wameinamia simu zao na hakuna anayemjibu mtu kwenye skrini. Bi Zuhura alirudi Tanga. Mahali pake nasuka mimi. Nikimpigia simu namwita Baba, naye huitikia kwa ile sauti nzito: "Ingia, mwanangu."