Mwito Uliofia Katikati ya Msafara

Kila asubuhi wenye baiskeli walikutana kwenye kituo cha mafuta, pale penye pampu ya upepo ya bure, na haikuwezekana waondoke bila kuulizana maswali. Na maswali yenyewe, jamani!

"Cheni yangu inachomoka kila nikipanda kilima. Nifanyeje?"

"Shuka utembee, mguu hauna cheni."

"Na siti inaniumiza."

"Siti haina kosa. Wewe ndiye umeikalia kama kochi la mkweo."

Hayo majibu mara nyingi yalikuwa ya Shangazi, na muulizaji mara nyingi alikuwa Dobi, jitu refu lililofunga mabunda ya nguo za watu kwenye keria mpaka ukimtazama kwa nyuma unadhani godoro limejifunza kuendesha baiskeli. Shangazi mwenyewe hakuwa shangazi wa yeyote pale. Alikuwa mwendesha mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko, mwanamke mfupi, mkakamavu, mwenye unga kwenye nyusi hata siku za mapumziko, na ulimi usiomwogopa mtu. Siku za karibuni alikuwa anasema bila kituo. Wenzake walidhani ni furaha.

Furaha gani! Masikio yalikuwa yanamwacha. Ile mashine ilikuwa imenguruma kando ya kichwa chake miaka nenda miaka rudi, na sasa maneno ya watu yalimfikia yakiwa pumba tupu, ila akimtazama mtu usoni aliyasoma midomoni. Akagundua kwamba mtu anayesema hahitaji kusikia. Basi akasema. Wakicheka, naye alicheka. Wakinyamaza, alianzisha lingine kabla hajaulizwa kitu. Ni kazi ngumu hiyo, asikudanganye mtu. Alikuwa akifika kazini amechoka kabla hajawasha mashine. Lakini kukiri? Thubutu! Barabara kuu ya kuingia mjini ilikuwa ya malori, hakuna aliyethubutu kuipita peke yake kwa baiskeli, na nani atamchukua msafarani mtu asiyesikia?

Maana msafara ule uliishi kwa masikio. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, na anayefuata haoni ila mgongo wa mwenzake. Mbele alikuwa Kapteni, tarishi wa ofisi, mtu wa makamo aliyevaa kofia ngumu hata akiwa anakunywa chai. Nyuma yake Dobi, kisha Shangazi, na mwisho Mshonaji, binti mpole mwenye cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Kapteni akiona shimo aliita, "Shimo kushoto!" Dobi akaupokea mwito na kuurusha nyuma, Shangazi akaurusha nyuma, mpaka ukafika kwa wa mwisho. Kila mmoja alikuwa jicho la anayemfuata.

Siku moja lori lilikuwa linawapita, kelele tupu. Kapteni aliita. Dobi aliita. Shangazi hakusikia chochote, ila aliona tairi la Dobi limekwepa, naye akalifuata kama alivyozoea, akapita salama huku akisimulia habari za mteja wake mmoja mbishi. Kisha akahisi tu kwamba nyuma yake hakuna mtu. Mshonaji alikuwa chini, baiskeli juu yake, gurudumu bado linazunguka.

Kiganja kilichunika. Kifundo cha mkono kilivimba hapohapo, na ulikuwa mkono wa kulia, ule wa kusukuma kitambaa chini ya sindano. Binti wa watu hakulia, alikaa tu ukingoni mwa barabara akiutazama.

"Mbona hukuita?" Kapteni akamgeukia Dobi.

"Niliita! Niliita kwa sauti!"

"Mimi sikusikia," alisema Mshonaji taratibu.

Kapteni akamtazama Shangazi usoni. "Dada, wewe uliyekuwa nyuma ya Dobi, ulimsikia?"

Swali hili Shangazi alilisoma lote kwenye midomo ya Kapteni.

"Mimi sikusikia kitu," akajibu.

Na ulikuwa ukweli mtupu, ndiyo ubaya wake! Hakuna aliyeongeza swali. Wawili hawakusikia, basi Dobi hakuita, kesi imekwisha. Dobi akaapa, akaapa tena, mwisho akanyamaza. Kesho yake akahamishwa nyuma kabisa, ambako hakuna wa kumwitia, na mtu mmoja pale kituoni akampa jina la Bubu. Likanata. Na yule bwana aliyekuwa haishi maswali, sasa alijaza upepo, akafunga mabunda yake, akangoja kimya.

Shangazi hakutulia tena. Kazini alisahau kufunga mdomo wa gunia, unga ukamwagika mpaka mlangoni. Nyumbani alikaa, akasimama, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, akatoka nje, akarudi. Mdogo wake waliyekuwa wakiishi pamoja alimtazama mpaka akachoka.

"Dada, una nini? Umekalia siafu?"

"Sina kitu. Miguu tu."

"Miguu! Basi ipe ruhusa ilale."

Ingelala vipi? Kila asubuhi alimwona Mshonaji akija na mkono uliofungwa kitambaa, akishika usukani kwa vidole viwili, kazi za wateja zikimlimbikia. Na sasa mbele ya Mshonaji bado alikuwa yeye, Shangazi. Shimo lingine lingetokea. Kesho, keshokutwa. Hilo lilimtesa kuliko aibu yenyewe: alikuwa anakwenda kumwangusha mtoto wa watu mara ya pili, huku anampigia soga.

Akatafuta ujanja, akaupata. Mbele! Aliye mbele hasikilizi mtu, anaona kwa macho yake na kuita. Asubuhi moja akasukuma baiskeli yake mpaka mwanzo wa mstari.

"Kapteni, mgongo wako nimeuchoka. Leo naongoza mimi."

Kapteni akacheka, akampisha. Na kusema kweli aliongoza vizuri. Alikuwa na macho makali, na sauti aliyozoea kuishindanisha na mashine. "Shimo kulia! Tuta! Vioo, vioo!" Kwa mara ya kwanza tangu ile ajali pumzi ilimshuka. Aliita kila jiwe. Akatia na mzaha: "Kuku anavuka, mpisheni ana haraka!" Akangoja wacheke, akaamini wamecheka, akaendelea.

Kwenye taa za njia panda akafunga breki na kugeuka awaambie jambo.

Hakukuwa na mtu. Barabara ilikuwa nyeupe mpaka kwenye kona, na malori tu.

Shangazi aligeuza baiskeli, akarudi. Aliwakuta mbali sana, karibu walikoanzia, baiskeli ya Kapteni imelazwa, tairi la nyuma limetolewa, Dobi amepiga magoti anabandika kiraka. Mshonaji alikuwa ameshika pampu kwa mkono wake mzima.

"Tumekuita mpaka koo zimekauka!" Kapteni alipaza sauti, kisha akajirudi, maana alikuwa mtu wa heshima. "Labda ni upepo, dada. Leo unavuma mbele."

Upepo. Alikuwa amepewa kisingizio bure, mkononi. Angesema tu "ndiyo, ni upepo," na wangefunga tairi waende. Alimtazama Dobi, ambaye hakuinua hata kichwa.

"Si upepo," akasema. "Siku ile Dobi aliita. Mimi ndiye sikusikia. Sisikii, Kapteni, masikio yangu yamekufa, na nikamwacha mwenzangu aitwe bubu."

Mshonaji aliinua mkono uliofungwa kitambaa, akausogeza mbele ya uso wa Shangazi.

"Mkono huu?"

"Huo huo, mwanangu. Ni mimi. Nisamehe."

Dobi akasimama, akapangusa magoti. Macho yalikuwa mekundu. "Usinisemeshe," alisema, na midomo yake ilionekana wazi kabisa. "Leo usinisemeshe kabisa."

"Nendeni," Shangazi akasema. "Mimi nitaikokota baiskeli pembeni mpaka nifike."

Tairi likafungwa. Kapteni akapanda akashika mbele. Dobi akavuta baiskeli yake, lakini hakwenda nyuma. Aliiweka mahali pake pa zamani, nyuma ya Kapteni. Akageuza shingo. Kwa kidevu akamwonyesha Shangazi ile nafasi iliyo nyuma ya mabunda. Shangazi akaingia. Mshonaji alisitasita, akarekebisha kitambaa chake, kisha naye akaja nyuma yake.

Walikwenda bila neno. Walipokaribia shimo Dobi hakuita, alikuwa bado amenuna. Aliutoa tu mkono wa kushoto kwenye usukani, akaunyoosha chini pembeni ya mabunda, kidole kikionyesha ardhi.

Shangazi akaona. Akaushusha wake vilevile, akaushikilia hapohapo, na hakuurudisha kwenye usukani mpaka alipogeuka na kuona Mshonaji amelipita shimo.