Coleta wa Msanzi na Siku Tatu Alizoziomba

Alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1949 katika kijiji cha Msanzi, juu kwenye uwanda wa Ufipa, majira ambayo nyasi humzidi mtu urefu na wanawake hushinda mashambani wakifukia matuta. Mama yake, Fortunata, alishikwa na uchungu jembe likiwa mkononi, naye mtoto akazaliwa kabla hawajafika nyumbani. Baba yake, Gaudensi, alikuwa mkulima wa ulezi na mwimbaji wa kanisani. Mtoto alibatizwa siku ya nane akapewa jina la Coleta. Alisoma mpaka darasa la nne, masomo yakaishia hapo. Katika utoto wake anakumbukwa kwa jambo moja. Jirani mmoja aliwaibia kuku, na Gaudensi alikuwa tayari kumpeleka kwa mtemi. Coleta, akiwa na miaka kumi, alitangulia kwenda kwa yule jirani, akakaa jikoni kwake mchana kutwa. Aliporudi alisema, "Baba, yule mama hana hata chumvi ya kumwekea huyo kuku." Gaudensi alicheka mpaka akakaa chini, na habari ya kuku haikusemwa tena.

Mwaka 1967 aliolewa na Kornel. Walizaa watoto wawili, na wote wawili walifariki kabla ya kutembea. Kornel naye alifariki mwaka 1979 kwa ugonjwa wa mapafu. Coleta hakuolewa tena. Mwaka 1983 paroko alimwomba awe katekista wa kigango chao, naye akajitetea kwamba hana maneno. Paroko akamjibu, "Maneno wanayo wao. Wewe nenda ukasikilize." Hivyo ndivyo alivyoitwa. Kwa miaka minane ya kwanza alizunguka vitongoji kwa miguu, akifundisha watoto sala na kuwapatanisha wagomvi. Hakuwahi kuamua ugomvi kabla ya kwenda kukaa na yule aliyelaumiwa, kwenye moto wake, akala alichokula. Watu wengi walipatanishwa kwa njia hiyo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Majaribu yalianza biashara ilipofunguliwa na mbolea ya ushirika ikaacha kufika. Ilipatikana mjini Sumbawanga, dukani, kwa bei ambayo mkulima wa Msanzi hakuweza kuisogelea. Ndipo watu wakarudi kwa nguvu kwenye kilimo cha mababu, yale matuta ya duara yanayoitwa intumba. Nyasi hukatwa masika, hufunikwa kwa udongo, huachwa zioze kiangazi chote, na mvua mpya zikianza tuta hubomolewa na ulezi kupandwa juu ya uozo ule. Asiyejua akiliona shamba hilo mwezi wa tano huona vichuguu na majani, basi. Mwaka 1991 alihamia hapo Mboje, mfugaji kutoka upande wa Shinyanga, pamoja na mkewe Sayi na ng'ombe zaidi ya sitini. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, ng'ombe wake walipita juu ya matuta ya wajane watatu, wakayavuruga yote. Mmoja wa wajane hao alikuwa Redempta, wifi yake Coleta, aliyebaki na binti mmoja, Zita, mwenye miaka minne.

Mwenyekiti wa kitongoji, Adolfu, alikusanya wanaume wenye mikuki. Coleta aliwaomba wamwache atangulie. Alimkuta Mboje zizini, akakaribishwa maziwa, akakaa. Jua lilipopinduka ndipo akamwuliza kwa nini amewaonea wajane.

"Wajane gani, mayu?" Mboje alimwita mama kwa lugha yao. "Mimi nimepitisha ng'ombe kwenye shamba lililolala. Lina nyasi tupu!"

"Hizo nyasi ndizo shamba, baba."

Mboje alitazama mlimani, akatazama matuta, akashika kichwa. "Sasa ninyi Wafipa mnalima nyasi halafu mnakasirika ng'ombe akizila?"

Coleta alicheka, Sayi akacheka ndani ya nyumba, na wanaume waliokuwa wamejificha kwenye majani na mikuki yao wakasikia kicheko, wakaona aibu. Damu haikumwagika siku ile. Mboje alikwenda mwenyewe na wanawe kuyarudishia matuta, vibaya, lakini aliyarudishia, na kwa misimu miwili ng'ombe wake walizunguka mbali. Waamini walianza kumwita Coleta mtakatifu akiwa hai, naye aliwakataza.

Mwaka 1994 mvua ilikatika mwezi wa pili. Ulezi ulikomaa mfupi na mchache, ila shamba la Redempta, lililokuwa kando ya kijito, lilisimama vizuri kuliko yote. Maji ya mahali pengine yalikauka. Yalibaki yale ya kijitoni, na njia ya kuyafikia ilipita katikati ya ulezi wa Redempta. Adolfu alipanga wanaume walinde zamu shambani mpaka siku ya kuvuna. Coleta, kama desturi yake, alikwenda kwanza kwa Mboje. Alimkuta mlangoni pa zizi, ng'ombe watano wamelala na hawainuki.

"Mayu, leo usikae," Mboje alimwambia. "Mara ile sikujua. Safari hii najua."

"Nitakaa kidogo tu."

"Ukikaa utanielewa. Mimi sitaki kueleweka, nataka maji."

Coleta alikaa. Alimsikia Sayi akitaja ng'ombe waliokufa kwa majina yao, mmoja mmoja, kama watu wanavyotajwa kwenye litania. Aliona Mboje akimnywesha ndama maji ya kupikia. Alilia pamoja nao. Mboje hakumwahidi lolote, na Coleta hakumdai ahadi, maana moyoni alijiambia kwamba mtu mwenye uchungu kiasi hiki hawezi kumtia mwenzake uchungu. Hapo ndipo alipokosea, mpendwa msomaji. Aliujua moyo wa Mboje akadhani amejua na atakachofanya.

Alirudi akawaambia wanaume waondoke shambani, maana mikuki ingemchokoza mtu aliyekwisha kuvunjika. "Nipeni siku tatu," alisema. "Nitazungumza naye tena, tutafute njia ya kuzungukia."

Redempta alikuwepo, amemshika Zita mkono. "Wifi, huu ulezi ndio chakula chetu mpaka mwakani. Hatuna kingine."

"Najua, wifi. Siku tatu tu."

Redempta alikubali, kwa sababu anayeomba alikuwa Coleta. Siku ya pili, asubuhi, ng'ombe wa Mboje walishuka kijitoni. Walikunywa, na waliporudi walikula. Mpaka Adolfu anafika, shamba lilikuwa kama uwanja wa mnada. Wanaume waliwakata miguu ng'ombe kumi na mmoja, wakachoma nyumba ya Mboje, naye akakimbilia bonde la Rukwa na familia yake. Kwa hiyo upande mmoja ulipoteza chakula, upande wa pili ukapoteza kila kitu, na maneno yote ya Coleta hayakuokoa hata suke moja.

Kijiji kizima kilikuwa na njaa. Waliomgawia Redempta waligawa viganja tu vya unga. Mwezi wa kwanza mwaka 1995 Zita alipata homa, naye hakuwa na mwili wa kupambana nayo. Alizikwa siku ya Jumanne. Coleta aliongoza sala za maziko, kwa kuwa padri alikuwa mbali, na alipomaliza Redempta alimwambia mbele ya watu wote: "Kwa Mboje ulikaa mara mbili. Kwangu ulikuwa unapita tu."

Jumapili ile Coleta alirudisha kitabu cha katekesi kwa paroko. Tangu hapo kila siku alimchotea Redempta maji na kumlimia, akifukia matuta peke yake, na Redempta alipokea maji bila kusema neno. Ilikuwa hivyo miaka mitatu. Aliowapatanisha zamani walimjia wakimwomba awasuluhishe, akawaambia hana tena uwezo huo. Alisali sana, na aliwahi kukiri kwa mama mmoja kwamba akisali hasikii chochote. Alifariki tarehe 9 Aprili 1998, akiwa na miaka arobaini na tisa, shambani kwa Redempta, mchana.

Mboje alisikia, akatembea siku mbili kutoka bondeni kuja kwenye matanga. Hakuna aliyemgusa, na wengi wanahesabu hilo kuwa ajabu la kwanza. Alipiga magoti mbele ya Redempta. Redempta alimwambia, "Inuka, baba. Najua ng'ombe wako walikuwa na kiu. Zita naye alikuwa na njaa." Kisha akaenda zake.

Wapo wanaosema walioomba kwa jina lake wamepona, na kina mama wenye ugomvi huja kusali kaburini pake. Tumwige Coleta katika kwenda kwa adui na kukaa naye, maana mwaka 1992 watu walibaki hai kwa sababu hiyo. Lakini tukiomba muda kwa ajili ya adui, tusiuombe kutoka kwenye chungu cha mwingine. Wazee wa kigango walipokusanya habari hizi walimfuata Redempta pia, wakiogopa atakataa. Hakukataa. Alisema, "Andikeni yote aliyoyafanya mema, ni kweli. Andikeni na kwamba alinikosea. Kama ni mtakatifu kweli, hilo halitamwangusha." Walimwuliza kama amemsamehe. Alisema bado, akaendelea kupepeta.