Mama Mkwe na Toleo la Majaribio

Mtu mwenye akili timamu hujaribu mfumo mpya kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mimi, Bohdan, niliuweka kwenye ya mama mkwe.

Kazi yangu hapa mjini Brno ni kusaka hitilafu za mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, kabla haujakamilika. Toleo la majaribio hubadilika kila siku, na kila siku kuna kitu kinazimika. Hilo halitutishi. Tunachoogopa ni mashine inayozimika kisha ikawaka vizuri, bila kuacha dalili yoyote. Nikajisadikisha kwamba mama Drahomíra, asiyejua lolote kuhusu mambo haya, angenifaa kuliko wataalamu kumi. Ndiyo, nilimgeuza mkwe wangu kifaa cha maabara, na kila Jumapili nikaendelea kula keki zake za maboga bila haya.

Kompyuta ilikuwa ikizimika akizungumza kwa video na dada yake Blažena, aliyeko Kanada. Nikiwepo mimi, inatulia kama mtoto aliyemwona mwalimu.

"Nirudishie ile ya zamani, mwanangu."

"Vumilia kidogo, mama. Tukibadilisha sasa, ushahidi wote unapotea."

"Ushahidi wa nini? Kuna aliyeuawa?"

Mke wangu Radka alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Mwachie mama kompyuta yake, wewe!"

Nikasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ikamkuta Blažena hospitalini, akisubiri kupasuliwa moyo kesho yake. Tukakaa wote mbele ya kioo cha kompyuta. Akatokea, amekonda, lakini amepaka rangi ya mdomo.

"Draha," alisema, "sikiliza, kuna jambo nataka nikuambie kabla..."

Kioo kikawa cheusi.

"Imekufa!" nilipiga kelele. Niliruka, nikapiga makofi. Nilikuwa nikiisubiri siku hiyo tangu theluji iyeyuke. Mama Drahomíra akanyoosha mkono aiwashe.

"Usiguse, mama! Usiguse kabisa!"

Nikachomeka waya kutoka kompyuta yangu, nikaanza kunakili kumbukumbu za mashine ile huku nikipiga mluzi. Nilipomaliza, Radka alikuwa ameshapiga simu hospitalini. Mgonjwa amepelekwa kuandaliwa, walimwambia. Mpigieni baada ya upasuaji.

Blažena alipona, na niliposikia nililia waziwazi. Hitilafu nayo nikaipata: mashine ilikuwa ikiizima kamera ili kuokoa umeme, wakati kamera bado inatumika, nayo yote ikazimika. Marekebisho yangu yalikubaliwa, nikashukuriwa kwa jina, nikatembea ofisini kifua mbele. Kisha nikaenda kumpa mama mkwe habari njema.

Nikakuta jirani ameshamrudishia mfumo wa zamani.

"Lakini mama, nimeshaitengeneza! Haitazimika tena."

Alinisogezea sahani ya keki, kwa upole uleule wa siku zote.

"Najua, mwanangu. Lakini siku ile ulifurahi."