Nilivyoisifia Barabara ya Suji

Mtakaocheka mcheke, ila mimi bado natetemeka. Juzi mkuu wangu wa ofisi ya ujenzi hapa Same aliniambia, "Kesho anakuja mzungu wa fedha za barabara. Mpeleke Suji, umtafsirie."

Niliposikia fedha, nikaelewa ukaguzi. Tangu Azimio la ujamaa litangazwe na wala mali ya umma waanze kukamatwa, karani mdogo kama mimi akisikia neno hilo huota jela. Usingizi ulinipaa.

Asubuhi mgeni na mimi tukapanda mlima kwa Landrova. Kwenye kona moja gari liliteleza kwenye tope hadi ukingo wa korongo. Nilishikilia mlango kwa mikono miwili, nikajilazimisha kutabasamu. "Barabara nzuri sana," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule. "Hata malori hupita bila shida." Akanitazama kwa mshangao. Nami nikazidi kusifia, nikijiona najiokoa.

Kijijini watu wote walikuwa wamekusanyika. Mgeni akasema maneno machache kwa Kiingereza.

"Anasemaje, mwanangu?" mwenyekiti wa kijiji akaniuliza.

Mtafsiri mwingine hakuwepo. Nikasema nikiwa nimeinamisha kichwa, "Anasema alikuja kuona kama nchi yao itupe fedha za kuitengeneza barabara. Lakini kwa kuwa amehakikishiwa kwamba haina shida, watazipeleka kwingine."

Mama mmoja, ambaye binti yake alifariki njiani akishushwa hospitali kwa machela, akasogea mbele.

"Amehakikishiwa na nani?" akauliza taratibu.

Mgeni hakuelewa swali, lakini alinyoosha kidole kwangu, kumwonyesha mtafsiri wa kumuuliza.