Mkaratusi wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda cha watu hata usiku mmoja, asubuhi shingo imekakamaa na chai haina ladha. Kwa hiyo majirani zangu wa Musoma waliponiona juu ya trekta, kofia ngumu kichwani, nikielekea barabara ya Bunda kwenda kukata miti, walitoka nje kuniaga kwa vicheko. Sikuwalaumu. Mti pekee niliowahi kuukata kabla ya hapo ulikuwa mpapai, na ulianguka wenyewe kabla sijaumaliza.

Kazi yangu ilikuwa ukarani wa stoo katika ushirika wa pamba. Niliipata kwa cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Miaka ile ya shida stoo haikuwa na kitu, basi kutwa nzima nikawa naandika "hakuna", kwa mwandiko mzuri. Ulipofika wakati wa ruksa, biashara zikafunguliwa kwa kila mtu, ushirika ukatupunguza kazini, kisha ukaanza kuuza mashine zake chakavu. Ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja mbio nyumbani. Yeye alikuwa ameshika msumeno wa petroli miaka mingi kwenye misitu ya serikali.

"Shemeji, kuna trekta linauzwa, lina winchi na waya wake! Mimi najua miti, wewe unajua kuandika. Tulichukue."

Nikamwambia nitalifikiria.

"Huyo akifikiriaga analala," mke wangu akasema toka jikoni. "Chukueni leo."

Tukalichukua. Breki ya mkono ilikuwa imekufa, betri imekufa, na ili liwake ilibidi lisukumwe kwenye mteremko. Lakini lilipowaka! Moshi mweusi, kishindo, kiti kinatikisa mpaka meno. Mimi niliyekuwa nikiogopa pikipiki nilijikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Na kazi ilikuwepo. Watu walikuwa wameanza kupata mabati, na kila penye bati jipya palikuwa na mti mzee umeinama juu yake. Tulikata miti ya shule Butiama, tukakata kwenye parokia, tukawapelekea magogo wachimbaji wa Buhemba waliotaka kuegemeza mashimo yao. Shemeji anapanda, anapunguza matawi, mimi navuta kwa trekta. Mti wa miaka hamsini unalala pale pale ulipoonyeshwa! Jioni nilikuwa namsimulia mke wangu mpaka ugali unapoa.

"Sawa, bingwa," akaniambia siku moja. "Sasa nenda kakate ule wa mama."

Hapo nikaurudia ugali wangu.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi upande wa Mugeta, ndani zaidi ya Bunda. Marehemu mume wake alipanda mkaratusi nyuma ya nyumba, na mkaratusi ukakua kama umeahidiwa zawadi. Mvua za mwaka ule ziliulegeza; ardhi upande mmoja wa shina ilikuwa imepasuka, na mti wote ulikuwa unaiegemea nyumba. Na ile nyumba ilikuwa na bati. Mama yule aliyapata mabati mawilimawili katika miaka ambayo hata msumari uliombewa kibali. Kila bati lilikuwa na habari yake: hili la pamba, hili la mbuzi, haya ya ng'ombe aliyekuwa akimpenda. Mti ukiyaangukia, hana pa kuanzia tena.

Lakini kwa desturi ya kina mke wangu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Akija huku, wewe unapita kule. Kuna mbuzi anayetolewa ili mambo hayo yalegezwe, na mimi nilikuwa nimemwahirisha mbuzi huyo miaka sita, kwa sababu kumpeleka kulihitaji safari, na safari mimi siziwezi. Ndiyo maana nilikuwa naenda kufanya kazi nyumbani kwa mtu nisiyemjua sura vizuri.

"Mama ataenda kwa jirani asubuhi," mke wangu akanihakikishia. "Hutamwona hata kisigino."

Tukafika, mke wangu akiwa amekaa kwenye tela kama malkia. Ua wa mama ulizungushiwa minyaa mizito, una lango moja tu. Waya ulikuwa mrefu kuliko mti, basi tukaufunga juu ya shina, tukaupitisha pembeni mwa nyumba mpaka langoni, na pale langoni ndipo nilipoliweka trekta, limejaa karibu lango zima. Upande wa goti langu ilibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Shemeji akashusha matawi yaliyokuwa juu ya bati, moja moja, kwa kamba. Yakarundikana nyuma ya nyumba mpaka yakaziba mlango wa uani. Tukaona sawa tu. Nyumba si haina mtu?

Shemeji akaukata mti mdomo, lile pengo la kuuelekeza, upande wetu, ule tuliotaka uangukie. Nikaingiza gia nzito, nikavuta waya ukakaza ukalia kama uzi wa zeze, nikakanyaga breki. Akahamia nyuma kukata upande wa nyumba. Huo ndio wakati ninaoupenda: msumeno unanguruma, vumbi la mbao linaruka, harufu ya mkaratusi imejaa puani, na wewe umeukamata mti mzima kwa mguu mmoja. Niiachie breki, waya ulegee, mti urudi kwenye bati.

Mara mke wangu akapiga kelele. "Zima! Kaka, zima!"

Msumeno ukanyamaza. Mke wangu alikuwa ameinama kibarazani, ameshika jozi ya katambuga, vile viatu vya tairi.

"Hivi si ni vya mama?"

Akachungulia ndani, akatoka ameshika mdomo. Mama alikuwa amerudi kimyakimya, wakati sote tuko nyuma tunafunga waya, kumchukua kuku wake aliyekuwa anaatamia mayai chini ya kitanda. Alipotaka kutoka, uani kumezibwa na matawi, na mbele, langoni, nimekaa mimi. Akaona afadhali akae ndani, kimya, na kuku wake, chini ya mti uliokatwa zaidi ya nusu.

"Mwambie atoke!" shemeji akafoka.

"Anasema hawezi kupita mbele ya mkwe wake."

"Basi mkwe wake atoke!"

"Mkwe wake akiinua mguu mti unarudi!" nikajibu, na sauti yangu ilikuwa ya kike kuliko ya mke wangu. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Mguu ulikuwa umeanza kucheza wenyewe juu ya breki, kama wa fundi cherehani.

Upepo ukapita juu ya majani. Mti ukaalika, tah! Mlio mkavu, nikauhisi mpaka kwenye kiti.

Nyuma yangu kulikuwa na gunia la kukalia. Nikalivuta, nikalivaa kichwani mpaka mabegani. "Haya!" nikapayuka humo ndani. "Mwambie mimi sipo!"

Nikasikia mke wangu akicheka na kulia kwa pamoja. "Mama, toka, hana macho tena!" Kisha miguu peku inakimbia, kuku analalamika, kitambaa kinagusa goti langu, na mtu amepita. Nikaanza kuomba aende mbali. Hakwenda. Nilimsikia amesimama barabarani mbele yangu, anahema.

Tah! Tah!

"Unaenda!" shemeji akapiga ukelele. "Vuta, shemeji! Vuta sasa!"

Mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye wenzo wa mafuta, gunia kichwani na mama mkwe mbele. Ningelivua, ningemtazama usoni. Mguu uliamua kabla yangu: nikaachia breki, nikavuta. Trekta likanguruma, matairi yakachimba, sioni kitu, ni giza na harufu ya pamba ya zamani. Nikahisi gurudumu la mbele linazama upande.

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote sita.

"Kushoto, mkwe! Kushoto kwako! Mtaro huo! Haya, nyoosha! Nyoosha! Usiache, baba, usiache, vuta!"

Nikavuta kwa macho ya mama yule. Waya ukalia, ukalegea ghafla, kisha ardhi ikaruka chini yangu na ua mzima ukajaa kishindo, vumbi na majani. Halafu kimya. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa anasema.

"Bati?" nikauliza ndani ya gunia.

Nikapiga usukani kwa kiganja.

"Bati jamani?"

"Halijaguswa hata moja," mama mkwe akasema, taratibu, kama anaogopa kulisikia mwenyewe. Nikamsikia akikaa chini barabarani. "Hata moja." Akalirudia mara ya tatu akiwa anacheka.

Mke wangu akaja kunivua lile gunia. Nikafumba macho.

"Fumbua," mama mkwe akasema. "Nimeshakupigia kelele mbele ya wanangu, unaficha nini tena? Mbuzi nitatoa mimi, maana ni mimi niliyeanza kusema."

Nikafumbua. Alikuwa mama mfupi, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, kuku kwapani. Akanitazama toka kofia mpaka viatu.

"Kumbe ndiye huyu," akamwambia mwanawe. "Nilidhani ni mkubwa zaidi."

Tulikaa Mugeta siku tatu kupasua magogo, na mama yule hakunyamaza hata dakika. Ya miaka sita yote aliyatoa: kwa nini sikuja kwenye msiba fulani, kwa nini mwanawe amekonda, trekta langu linanuka, gia naingizaga vibaya. Siku ya kuondoka alinionyesha kwa kidole miti miwili nyuma ya zizi, mmoja wa jirani yake.

"Nimeshamwambia mtakuja wiki ijayo," akasema. "Mimi nitasimama barabarani."